Cheti cha Dar chagoma kupanda boti!

Msomaji, hebu toa noti yoyote iliyomo mfukoni mwako, hata kama ni ile buku ya nauli. Noti hiyo inapokelewa Goba, inapokelewa Tandahimba, na ukivuka maji inapokelewa Makunduchi bila mtu kukuuliza umetoka wapi. Sarafu ni jambo la Muungano. Uraia nao ni wa Muungano. Hata Baraza la Mitihani, lile lililotutoa jasho sote kidato cha nne, ni la Muungano. Lakini lile jina ulilobandika kwenye chupa yako ya pilipili, unalojivunia mpaka unaliota usiku, hilo si la Muungano!

Usicheke. Wapo mawakili wenye suti za bei mbaya ambao wakiambiwa jambo hili huomba warudiwe. Mmoja nimemwona kwa macho yangu, kakaa mkekani nyumbani kwetu Goba, kikombe cha chai kimempoa mkononi, anatikisa kichwa tu.

Chanzo cha yote ni mama mdogo wangu. Huyu anaishi upande wa Kinzudi, na kazi yake ni kutengeneza pilipili. Si ile ya kuzuga, maji na rangi, la hasha. Yeye anachukua pilipili mbuzi, embe bichi, mbilimbi, kitunguu saumu na siki, vinachemka uani tangu alfajiri mpaka majirani wanapiga chafya kwa zamu. Alianza na chupa za kuokoteza. Siku hizi ana chupa zake, na lebo ya rangi mbili yenye sura na jina la bibi yetu mzaa mama, Mungu amrehemu, aliyemfundisha kazi hiyo kule Bagamoyo. Jina lenyewe sitaliandika hapa kwa sababu shauri bado bichi. Ila jua ni jina la kike la pwani, lile ambalo ukiliita kwa sauti sokoni wanageuka wanawake wanne.

Sasa mama mdogo si mtu wa kubahatisha. Wakati sisi vijana tunafungua biashara kwa jina la utani na namba ya simu, yeye alifuata kila karatasi. Jina la biashara alisajili BRELA. Hapo akaambiwa, na hili washikaji zangu lishikeni, kwamba jina la biashara peke yake halikulindi sana, linaonyesha tu nani yuko nyuma ya duka. Anayetaka mwingine asibandike jina lake kwenye chupa anasajili alama ya biashara, nayo ina sheria yake ya mwaka 1986, ina fomu zake na ada zake, tena inatangazwa kwanza ili mwenye kinyongo apate siku 60 za kupinga. Mama mdogo alisubiri siku zake 60 roho juu. Hakupinga mtu. Akapewa cheti cha miaka saba, ambacho kikiisha unakihuisha kwa miaka kumi kumi. Akakitia fremu, akakitundika sebuleni juu ya televisheni, jirani na picha ya harusi yake. Kuna wageni waliodhani amehitimu chuo.

Basi ikaja oda. Duka moja la hoteli huko Nungwi, Unguja ya kaskazini, walionja pilipili ile kwa mgeni wao mmoja, wakataka katoni 25. Kila katoni chupa 24, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe: chupa 600! Mama mdogo hakuwa na mtaji wa chupa 600. Alikopa kwenye kikoba cha kina mama wa mtaa, na wewe unakijua kikoba. Benki ukichelewa wanakuandikia barua. Kikoba ukichelewa unajadiliwa msikitini, kanisani na saluni kwa siku moja.

Mzigo ukapanda boti. Siku ya tatu simu ikaita, mnunuzi anaongea kwa upole wa mtu mwenye habari mbaya. Hawezi kuuweka dukani. Kuna mama mmoja wa mjini anauza achari na pilipili kwa jina hilohilo, na jina ni lake, ana cheti.

"Hata mimi ninacho cheti!" mama mdogo akafoka.

"Cha wapi, mama?"

"Cha Tanzania!"

Kimya kidogo. "Mama, huyu chake ni cha BPRA."

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. BPRA ndiyo nini?

Wiki hiyohiyo tulikuwa na mgeni. Dada yangu amechumbiwa na wakili wa Nairobi, kijana mpole, mrefu, alikuja kujitambulisha kwa wazee. Mama mdogo alimtupia faili mapajani hata pilau halijaiva.

"Mwanangu, wewe si msomi wa sheria? Hebu nisomee hapa."

Shemeji akasoma, akapindua, akasoma tena. "Mama, usiwe na wasiwasi," akasema kwa kile Kiswahili chao. "Hii cheti iko sawa kabisa. Kwetu tuko na kaunti 47, lakini ukishasajili alama yako kule KIPI, imekwisha, kutoka Lamu mpaka Busia. Nchi moja, cheti moja."

Kwa akili ya kawaida alikuwa na haki. Angalia wenzetu. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina sheria zake za makampuni na orodha yake ya mawakili. Kule Louisiana ndiyo kabisa, sheria zao za mikataba na mali zina asili ya Kifaransa na Kihispania wakati majimbo mengine walirithi za Kiingereza, kwa hiyo wakili wa jimbo jingine akitua pale anakuwa kama mgeni kwenye ngoma ya watu: mdundo anausikia, ila hajui mguu upi utangulie. Pamoja na yote hayo, alama ya biashara wanaweza kuisajili mara moja kwenye daftari la serikali kuu, ikalinda nchi nzima. Uingereza vilevile. Scotland ina mahakama zake na sheria zake tangu enzi, lakini daftari la alama ni moja. Sisi sasa, watu wa nchi moja, tuliochanganya udongo kwenye chungu mwaka 1964, tuna madaftari mawili yasiyosalimiana!

Shemeji hakuamini mpaka akafungua Katiba ya mwaka 1977 kwenye kompyuta yake, nyongeza ya kwanza, pale yalipoorodheshwa mambo ya Muungano. Yalianza 11 mwaka 1964, leo ni 22. Akashuka nayo kwa kidole: mambo ya nje, ulinzi, polisi, uraia, kodi ya mapato, mabenki. Alipofika kwenye leseni za viwanda aliruka kama aliyeona bao. "Hii hapa!" Ikabidi tumkalishe chini. Leseni ya kiwanda ni ya Muungano, sawa. Jina la kinachotoka kiwandani halimo. Na lisilokuwemo kwenye orodha ile, kila upande unajitungia sheria yake. Bara ni ile ya 1986. Zanzibar wana ya kwao ya mwaka 2008, na msajili wao yuko BPRA, wakala ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Cheti chao hata umri hakilingani na chetu, kinaanza na miaka kumi moja kwa moja.

Sasa ukishaanza kuufuata uzi huu hauishi. Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano, lakini VAT kila upande una sheria yake. Ubora wa bidhaa, huku TBS, kule ZBS. Wewe unayerekodi nyimbo chumbani kwako Mbezi na kuota kuwa staa, hakimiliki ya Bara ni sheria ya 1999, ya Zanzibar ni ya 2003. Karafuu ndiyo usiseme. Mkulima wa Pemba hauzi karafuu zake kwa anayemtaka, mnunuzi ni mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na ukikamatwa umezivusha kwa magendo utaeleza.

Shemeji akapata tumaini la mwisho. Bidhaa duniani zimegawanywa kwenye madaraja 45 kwa ajili ya alama hizi, na pilipili ya chupa, yaani sosi, iko daraja la 30, wakati achari ya mboga iko la 29. "Kama huyo mama amesajili achari pekee, tuko na nafasi!" Tukapiga simu kuulizia. Yule mama amesajili yote mawili. Msomaji, kuna watu wamejipanga.

Ikabidi atafutwe wakili wa hapahapa Dar. Huyo alikuja jioni, akanywa chai, akasikiliza, halafu akasema maneno yaliyommaliza shemeji.

"Ushauri nitawapa. Lakini likifika Mahakama Kuu ya Zanzibar, mimi siwezi kusimama."

"Kwa nini? Si ni Tanzania?" shemeji akauliza.

"Mimi nimeapishwa na Jaji Mkuu wa Tanzania, jina langu liko kwenye orodha ya Bara. Kule kuna Jaji Mkuu wa Zanzibar, ana orodha yake."

"Kwa hivyo wewe pia ni mgeni kule?"

"Mimi na wewe sawa tu."

Wakatazamana wasomi wawili, mmoja wa Nairobi na mmoja wa Dar, wote wageni kwenye mji ambao siku hewa ikiwa safi unakaribia kuuona kutoka ufukweni. Wakili wa Dar alipotoa kadi yake shemeji akasoma jina la chama chao, Tanganyika Law Society, akauliza kwa heshima kama kadi ni ya zamani. Hapana, ndilo jina lao, tangu mwaka 1954, na mpaka leo hawajalibadilisha. Wenzao wa visiwani wana chama chao. Mahakama inayowakutanisha wote ni ile ya Rufani tu, na hata hiyo haigusi mashauri yaliyoanzia kwa Kadhi.

Usiku ule shemeji hakula vizuri. Nadhani kilichomkata zaidi si pilipili ya mama mdogo, ni kiwanja. Alikuwa ameshapigia jicho kipande kimoja kule juu, chenye upepo, akawa anamnong'oneza dada kuhusu nyumba ya likizo. Akaambiwa ardhi yote ya Bara ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, raia anapewa haki ya kuitumia hadi miaka 99, na mtu asiye raia kwa sheria ya mwaka 1999 hapati isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Akauliza, Zanzibar je? Zanzibar sheria yao ya mwaka 1992 inampa haki hiyo Mzanzibari. Sio yeye tu anayetoswa hapo, hata mimi wa Goba sihesabiki! Akaenda kulala.

Turudi kwenye chupa zetu. Mnunuzi alikuwa muungwana. Alisema pilipili anaitaka, jina ndilo asilolitaka. Tukiondoa lebo na kubandika nyingine isiyo na jina la ubishi, atachukua, kwa bei ya chini kidogo. Riba ya kikoba inahesabika, ungefanya nini? Mama mdogo akaniambia, "Jiandae, kesho tunapanda boti."

Siku mbili tulikaa kwenye stoo moja ya nyuma ya Darajani, mabeseni ya maji ya moto mbele yetu, tunabandua lebo. Gundi ya mama mdogo haina utani, aliichagua mwenyewe isitoke hata chupa ikilala kwenye barafu. Inabidi uloweke, ukwangue kwa kisu, usugue kwa mchanga laini. Kazi ya vidole hiyo ilikuwa nyepesi. Nzito ilikuwa kumwangalia mama mdogo. Kila lebo ilikuwa na ile sura ya bibi kajitanda khanga, na kila ilipotoka nzima hakuitupa majini, aliinyoosha kwenye gazeti ikauke. Sikumuuliza za nini. Kufikia jioni ya kwanza gazeti zima limejaa bibi yetu, amelala kwa safu, anatutazama.

Siku ya pili saa nne hivi mlango ukagongwa. Akaingia mama wa makamo, kajifunga buibui, mkononi ana chupa ya kahawa. Akatusalimu vizuri, akaketi bila kuombwa, akatazama yale mabeseni, kisha gazeti.

"Huyu ndiye bibi yenu?"

"Ndiye," mama mdogo akajibu, kisu mkononi.

"Mie jina langu skuliiba kwa mtu," akasema yule mama. "La bibi yangu, mamaake mama. Achari kanifundisha yeye."

Nilitegemea vita. Tangu Goba nilikuwa nimeshamchora yule mama kichwani kama jambazi fulani hivi, mwizi wa majina, anakaa ofisini anasajili majina ya watu. Kumbe mtu mwenyewe vidole vyake vina madoa ya manjano kama ya mama mdogo. Akamimina kahawa. Akafungua chupa moja isiyo na lebo, akachovya kidole, akaonja, akafumba macho.

"Kali. Lakini umeipeleka moto sana, mbilimbi imefa."

"Mbilimbi haijafa," mama mdogo akasema. "Hiyo yako naisikia ina sukari."

Basi wakawa wanabishana moto na sukari kama watu waliojuana miaka 20, na mimi naendelea kukwangua. Ndipo likatoka jambo. Yule mama naye alijaribu kupeleka achari yake Kariakoo. Mwenye duka akamwambia pole bibi, jina hili Bara lina mwenyewe, yuko Goba, ana cheti.

"Ndo wewe?"

"Ndiye mimi!"

Wakaangua kicheko mpaka mabaharia waliokuwa wakipita nje wakachungulia. Kila mmoja malkia kwenye ufuko wake, na kila mmoja akivuka maji anageuka mwizi.

Mimi tangu siku hiyo nimeacha kuitukana sheria ile kijiweni. Ningekuwa mwepesi wa kusema haya madaftari mawili ni usumbufu, yaunganishwe kesho. Lakini fikiria lingekuwa moja, na ofisi iko Dar. Mama mdogo angewahi, yeye yuko karibu, na yule mama wa Darajani angejikuta ananyang'anywa jina la bibi yake katika mji aliozikwa huyo bibi. Kwa hiyo kuna mtu lile daftari la pili linamlinda. Ninachokidai mimi ni kidogo tu: kila anayekabidhiwa cheti, upande wowote, aambiwe kwa sentensi moja kinaishia wapi. Sentensi moja! Na wewe mwenye mafuta ya nywele, juisi, fulana zenye nembo, kama unaota kuuza pande zote mbili, sajili pande zote mbili kabla hujapakia hata boksi moja. Ada ya pili inauma, lakini chupa 600 kwenye maji ya moto zinauma zaidi.

Mzigo wetu uliingia Nungwi ukiwa na lebo nyeupe, imeandikwa pilipili ya embe, basi. Fedha ilipatikana, pungufu. Kikoba kimelipwa nusu, nusu nyingine mama mdogo anaipunguza kwa kuuza vitumbua asubuhi pale Njia Nne.

Kilichobaki sasa ni mapatano. Sheria za pande zote zinaruhusu mwenye alama kumpa mwingine kibali cha kuitumia, kwa maandishi, na msajili akajulishwa. Kwa hiyo yule mama ampe mama mdogo kibali cha Unguja, naye apewe cha Bara. Karatasi inahitaji wakili wa huku na wakili wa kule, wasajili wawili na mihuri isiyohesabika, na shemeji anaifuatilia kutoka Nairobi kama mtu anayefuatilia mechi, kila jioni anatuma ujumbe, "Wamesaini?" Hawajasaini. Bei wamekubaliana. Hata rangi ya kifuniko wamekubaliana. Wamekwama kwenye picha: kwenye lebo akae bibi yupi, wa Bagamoyo au wa Unguja? Mama mdogo anasema wa kwake ana sura ya biashara. Yule mama anasema wa kwake hata picha hana, lakini hilo si sababu.

Jumamosi mama mdogo anapanda tena boti. Safari hii kabeba katoni moja tu, ya kuonja, moto kaupunguza ingawa kwa mdomo hakiri. Na kile cheti kakitoa ukutani, kakifunga kwenye khanga pamoja na fremu yake. Nikamuuliza cha nini huko, wakati huko hakina nguvu.

"Najua," akasema. "Nataka akione tu."